Mota Iliyoruka Hatua

Nilikuwa na hasira hata kabla mashine haijaanza kuharibu kazi. Ninaliandika hili mapema ili mtu asidhani kwamba mota ndogo ya chuma ndiyo iliyonifundisha kukasirika. Mtu akiingia kwenye kibanda changu pale Kabiro, Kawangware, kwanza huitazama mashine, halafu hutazama nyuma yangu, kisha huuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe ni mimi. Niliiunda kwa mikono yangu, kipande baada ya kipande, kwa karibu mwaka mzima. Ni mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta. Rauta, ile ya mkono ambayo mafundi hukatia maua kwenye milango, nimeifunga juu ya daraja la chuma. Daraja linaenda mbele na kurudi nyuma, rauta inatembea kushoto na kulia juu ya daraja, na inapanda na kushuka. Kila mwendo una mota yake. Mota hizi hazizunguki ovyo kama za feni. Zinapiga hatua, ndogo kuliko unywele, na kompyuta ndiyo inayoagiza: hatua elfu mbili kulia, simama, rudi mia nne.

Ubaya wake ni kwamba kompyuta inahesabu ilichoagiza, haihesabu kilichofanyika. Mota ikikosa hatua hamsini njiani hakuna anayeambiwa. Kompyuta inaendelea na kazi ikiamini mambo ni sawa, na kila kinachochongwa baada ya hapo kinakaa upande.

Kibanda tulikipanga wawili, mimi na mzee fundi wa milango, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Nusu ya kibanda ilikuwa yake, na randa zake na mbao zake zilizoegemea mabati. Nusu ilikuwa yangu. Aliniita nyara, binti yangu kwa lugha yao, ingawa mimi ni Mluhya na alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Wateja wakimwuliza mwenye mashine yuko wapi, alikuwa akinyoosha kidole kwangu bila kusema neno na kuendelea kupiga randa. Nilimpenda kwa hilo. Sikuwahi kumwambia.

Kazi yenyewe ililetwa na jamaa wa mradi mmoja wa misaada. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, msomi, kadi ikining'inia shingoni na begi la kompyuta mgongoni. Mradi wao ulikuwa umesaidia shule ndogo huko Lindi, Kibera, kufungua darasa la watoto wasioona. Walitaka ramani ya shule iliyochongwa kwenye ubao, kuta zikiwa zimeinuka na njia zimezama kama mifereji, mtoto apitishe vidole na kujua jinsi ya kutoka darasani hadi chooni, chooni hadi langoni. Jamaa alinipa mchoro kwenye flashi.

"Ni kazi rahisi, siz," aliniambia, akiniita dada kwa lugha ya mtaa. "Mashine ndiyo inafanya kila kitu."

Ningejua mapema jinsi sentensi hiyo ingekuja kunikera, ningemrudishia flashi yake palepale. Lakini niliipokea kwa furaha. Mimi mwenyewe nimepanga chumba Lindi. Shule ile naipita karibu kila asubuhi, nasikia watoto wakiimba. Nilijiambia, kwa mara moja mashine hii itafanya kitu ambacho si kibao chenye jina la kinyozi.

Ubao wa kwanza ulienda vizuri kwa muda wa kama nusu saa. Kisha mota ya kushoto-kulia ikanguruma, ikatetemeka, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliposimamisha na kufagia vumbi, ukuta wa darasa la pili ulikuwa umeingia ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Milimita tatu hivi. Kwenye jina la kinyozi ungepiga msasa ukasahau. Kwenye ramani ya mtu asiyeona, milimita tatu ni mlango uliozibwa.

Nililaumu mbao. Ilikuwa saiprasi yenye fundo, nikasema biti, kile kisu cha rauta, imegonga fundo. Nikaweka ubao mwingine usio na fundo hata moja. Mota ikaruka hatua humo pia.

Hapo nikaanza kazi ya kutafuta ugonjwa, na nikaifanya vibaya kwa sababu niliifanya kwa hasira. Nilipunguza mwendo. Nilipaka mafuta. Nilikaza skrubu ndogo zinazoshika mhimili wa mota, kwa sababu zikilegea mota huzunguka peke yake na rauta inabaki imesimama. Zilikuwa zimekaza. Kuna kijibodi kinachoipa mota umeme, tunakiita draiva, na juu yake kuna kitufe kidogo cha kuongeza nguvu kwa bisibisi. Nikaongeza. Mota ikawa ya moto hata huwezi kuiwekea kiganja, na bado ikaruka. Nikairudisha ilipokuwa.

Kisha nikafanya jambo moja la akili. Nikazima umeme, nikafungua ile mota nikaibadilisha na mota ya mbele-nyuma, ambayo haikuwa na shida. Kama mota ndiyo mgonjwa, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Mbele-nyuma ikaendelea kuwa nzima, na kushoto-kulia ikaendelea kunguruma hata ikiwa na mota nzima. Basi si mota.

Zilibaki draiva na waya. Nikachukua mita, ile inayolia waya ukiwa umeungana mwanzo hadi mwisho, nikapima waya zote nne za mota. Zikalia zote. Nilipima rauta ikiwa katikati ya daraja, kwa sababu hapo ndipo ninapoisimamisha kila siku na hapo mkono unafika bila kuinama. Nikaziandika waya kuwa nzima. Ukweli ni kwamba sikutaka ziwe mbovu. Nyaya zile nilizipima, nikazikata na kuziunganisha kwa risasi ya kuyeyusha mimi mwenyewe, na nilijivunia kila kiungo.

Kwa hiyo, kama kosa halikuwa langu, lilikuwa la nani?

Asubuhi ya pili nilifika nikakuta klampu ya mzee imebana ukingo wa meza ya mashine yangu. Kwenye reli, chuma kile ambacho rauta hutembelea, kulikuwa na maranda ya mbao yaliyojikunja, ya randa yake. Mzee alikuwa nje anaongea na wateja wawili waliokuja kuchukua mlango, mume na mke.

Sikumwita pembeni. Nilitoka na klampu mkononi.

"Mzee, hii inafanya nini kwa mashine yangu?"

"Nilishikilia fremu kidogo tu, nyara. Meza yangu ilikuwa imejaa."

"Kidogo tu! Nimeharibu mbao mbili, nimekesha na mawazo, kumbe ni wewe! Unabana meza inapinda, unamwaga takataka kwa reli. Unaionea wivu hii mashine. Unajua siku moja itakuondoa kwa hii kazi, ndiyo unaiua!"

Nilisema hivyo. Maneno hayo hayo, mbele ya watu wenye mlango wao. Yule mama aliangalia chini. Mzee alinyoosha mkono, akachukua klampu yake, na kusema kwa upole, "Sawa." Baada ya wateja kuondoka alianza kutoa vitu vyake upande wa ndani. Mbao, vyombo, benchi. Aliviweka nje, chini ya ukingo wa mabati ambapo mvua huingia ikija na upepo. Nilimwona akifanya hivyo na sikumzuia. Nilifagia reli, nikasafisha meza, nikaweka ubao wa tatu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kumpata mwizi.

Ukaruka.

Nilikaa kwenye ndoo nikautazama ule ubao. Nje nilisikia randa ya mzee. Nilijua kwamba nimemtukana bure, na badala ya kuinuka na kwenda kumwambia, nilizidi kukasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kutokuwa na hatia. Sijui kama hilo linaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kukosea mbele ya watu.

Siku iliyofuata jamaa wa mradi akaja kuona kazi imefika wapi. Nikamweleza. Hakusikiliza hadi mwisho. Alivua begi, akapandisha mikono ya shati na kusema alisomea mambo haya. Kabla sijamaliza kusema "subiri nizime," alishika plagi ya mota akaichomoa umeme ukiwa unapita.

Mota za aina hii haziungwi wala haziachanishwi umeme ukiwa ndani. Ni kitu cha kwanza anachofundishwa mtu. Kulitoka mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika, halafu harufu ya plastiki iliyoungua. Draiva ikafa pale pale.

"Unaona?" akasema. "Mota imekufa. Nilijua. Tafuta mpya."

"Umeua draiva," nikamwambia. "Umechomoa na umeme."

"Siz, hizi vitu za bei rahisi ziko hivyo. Usipanic." Kisha akachukua ule ubao wa tatu, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. "Lakini hata hii si mbaya. Imeenda upande kidogo tu. Piga msasa, paka vanishi, tupeleke."

"Darasa limeingia ndani ya ofisi."

Akacheka. "Si hawaoni? Nani atajua?"

Nimewahi kuambiwa mambo mengi mabaya katika kazi hii. Hakuna lililofikia hilo. Nilimnyang'anya ubao. Nilimwambia atoke kwenye kibanda changu kabla sijafanya kitu ambacho nitakijutia. Akaondoka akinung'unika kwamba wasanii wa mitaa hawajui kufanya kazi na watu wa ofisi. Mzee wa milango, pale nje, alisogeza benchi kumpisha bila kumtazama. Hata mimi hakunitazama.

Draiva nyingine niliipata mjini siku hiyo hiyo. Nikaifunga. Mota ikafufuka, na ubao mdogo wa majaribio ukaruka kama kawaida. Basi si mota, si draiva, si mzee. Nilifunga mbao zote tatu zilizoharibika kwa kamba, nikazibeba begani hadi nyumbani Lindi. Asubuhi nikaenda nazo shuleni, bila jamaa, kumwambia mwenye kazi kwamba nimeshindwa.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mwanamke wa umri wangu. Nilipoingia alikuwa anapanga viti, fimbo nyeupe imelazwa juu ya dawati, na ilinichukua muda kuelewa kwamba yeye pia haoni. Jamaa hakuwahi kuniambia. Nadhani hakuona kama ni jambo la maana.

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Fundi wa ramani, mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha. Mashine yangu imeniharibia mbao tatu na sijui ina nini."

"Umezileta?"

"Ziko hapa, lakini zimeharibika."

"Nipe."

Alikaa, akaweka ubao wa kwanza mapajani. Sikutarajia kasi ya vidole vyake. Alizunguka ukingo mara moja, halafu akaingia ndani, chumba baada ya chumba, kidole gumba kikifuata ukuta na cha shahada kikitangulia pembeni. Akaomba wa pili. Akaomba wa tatu, kisha akarudi kwa wa kwanza. Nilisimama pale kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe.

"Vyumba vya kulia vimehama," akasema, "lakini vimefunga. Ukuta unaanza hapa, unazunguka, unarudi pale pale ulipoanzia. Sivyo?"

Nikainama kutazama. Ilikuwa hivyo. Vilikuwa vimesogea mahali pasipo pao, ila kila kona ilikutana.

"Sasa hivi vya kushoto, choo na stoo, havifungi. Ukuta unaanza hapa," akachukua mkono wangu na kuuweka juu ya mbao, "fuata. Unazunguka, unarudi, na mwisho haukutani na mwanzo. Wa pili pia hivyo. Wa tatu pia. Mashine yako inajikwaa ikiwa kushoto tu. Huko kushoto kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Ni mwisho wa mwendo tu, rauta ikifika inageuka."

"Basi mwisho wa mwendo kuna kitu."

Nilikuwa nimezitazama mbao zile siku nne. Nimezitazama kwa macho mawili mazima, kwa tochi, kwa rula, na nilichokiona ni hasara tu. Sikuwahi kuuliza ni wapi. Nilijiuliza tu ni nani.

Nilirudi Kabiro kwa miguu, karibu nikimbie. Nikazima umeme, nikasukuma rauta kwa mkono hadi mwisho kabisa wa kushoto, nikainama chini ya daraja mahali ambapo mkono haufiki vizuri, na kupima waya nne zile zile. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu kimya. Nikaikunja kidogo, ikalia. Nikaiachilia, kimya.

Nikaichana ganda lake kwa kisu. Ndani, shaba ilikuwa imekatika kabisa, ncha mbili zikigusana kichwa kwa kichwa. Rauta ikiwa katikati zilishikana. Rauta ikienda kushoto, waya ulivutwa, ncha zikaachana, mota ikakosa umeme kwa kufumba na kufumbua, ikanguruma, ikakosa hatua zake. Ikirudi kulia zikashikana tena na kujifanya nzima.

Na kwa nini ilikatika? Kwa sababu nilitumia waya wa nyumba, ule mgumu wenye uzi mmoja wa shaba, unaofukiwa ukutani na haukunjwi tena maisha yake yote. Nilikuwa na masalio yake, nikaona ni mzuri, unanyooka, unapendeza. Waya wa kwenye mashine inayotembea unatakiwa uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba. Nilikuwa nalijua hilo. Kila mtu analijua. Mwalimu wa sayansi darasa la saba alitukunjia kipande cha waya huku na huku hadi kikakatika, akatuonyesha.

Nilichukia kila mtu katika dakika ile, halafu nikagundua kwamba kibandani nilikuwa peke yangu.

Nilibadilisha waya zote, si ile moja tu. Niliweka laini, nikaziachia urefu wa kutosha zikunjike kwa upana badala ya kuvutwa, nikazifunga pamoja. Kisha nikatoa biti nikafunga penseli mahali pake, nikaiagiza mashine ichore mraba mmoja mwisho wa kushoto, mara mia, juu ya karatasi ile ile. Nilikaa nikaitazama. Mstari ukawa mweusi, ukawa mzito, ukaanza kutoboa karatasi, lakini ulibaki mstari mmoja.

Nikatoka nje kwa mzee.

"Mzee, nimepata shida. Ilikuwa waya. Ni mimi niliweka waya mbaya. Nisamehe kwa yale niliyosema."

Alikuwa anapaka gundi kwenye kiungo. Hakuacha. "Ulinitukana nikiwa na nani?"

"Na wateja."

"Na sasa niko na nani?"

Niligeuka nyuma; hapakuwa na mteja hata mmoja.

"Umenisema kwa watu, unakuja kuniomba msamaha kama mtu anayekopa chumvi. Jumamosi kutakuwa na watu hapa. Kama una neno, ulilete Jumamosi."

Nilirudi ndani nikiwa nimewaka. Nilijiambia mzee huyu ana kiburi, nimekwisha kumwomba, anataka nipige magoti? Nilipiga nyundo vitu visivyohitaji kupigwa nyundo. Nilichonga ramani siku hiyo na kesho yake, kila kona ikakutana na mwenziwe, na hata hivyo sikufurahi, kwa sababu yule mtu ambaye ningemwita aje aone alikuwa nje ya mabati akifanya kazi kwenye mvua ya manyunyu.

Jumamosi walikuja watu watano. Yule mume na mke pia walikuwepo, bawaba moja ya mlango wao ilikuwa imelegea. Nilisubiri mzee awe katikati yao. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Jamani, samahani kidogo. Wiki hii nilimwambia huyu mzee maneno mabaya hapa hapa. Nilisema anaharibu mashine yangu na ana wivu. Nilikuwa nasema uongo. Mashine ilikuwa na waya mbovu ambayo niliweka mwenyewe. Yeye hakufanya kitu. Mzee, nisamehe."

Yule mama mwenye mlango alisema "Aki," kwa mshangao wa sauti ya chini. Mzee aliweka bisibisi chini.

"Na klampu nilikosea kuweka bila kuuliza," akasema. Kisha, kwa wateja: "Huyu ndiye mwenye mashine." Akarudi kwenye bawaba.

Jioni alianza kurudisha mbao zake ndani. Nilibeba ncha moja ya kila ubao. Sidai kwamba yamekwisha. Mpaka leo akitaka kuazima kitu upande wangu huuliza mara mbili, na kila akiuliza mara ya pili nasikia aibu.

Hapa ningependa kusema kwamba niliipeleka ramani na hadithi ikaisha vizuri. Niliipeleka, ndiyo. Jumatatu asubuhi, imepigwa msasa hadi laini kama sahani. Jamaa wa mradi alikuwa amekwisha kufika kabla yangu, na kamera. Aliipokea kutoka mikononi mwangu kana kwamba tumekuwa marafiki siku zote, akaiweka mezani na kuwapanga watoto kuizunguka.

"Gusa hapa. Wewe, tabasamu kidogo. Angalia huku." Aliwaambia watoto wasioona waangalie huku.

Mwalimu aliwaacha watoto waisome kwa zamu. Walisogea wawili wawili, vidole vikikimbia kwenye njia, wakibishana kwa sauti: hapa ni kwetu, hapa ni ofisi, wacha nipite. Msichana mmoja, labda wa miaka tisa, alitoka darasani kwa kidole, akafuata njia hadi uani, akasimama. Akarudi nyuma. Akaenda tena.

"Mwalimu, hii imekosea. Hapa ubao unasema nipite moja kwa moja kwenda kunawa mikono. Lakini hapa ndipo jiko."

"Jiko liko upande wa lango," jamaa akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Lilikuwa," mwalimu akajibu. "Lilihamishwa mvua ilipobomoa ile sehemu. Sasa liko karibu na tangi. Mchoro wako umeutoa wapi?"

Akasema alikuwa nao kwenye faili. Hakuwahi kuja kupima. Akasema ni kitu kidogo, watoto watazoea.

"Kitu kidogo?" Sauti yangu iliwafanya watoto wanyamaze. "Saa nne kuna sufuria la uji pale, linachemka. Mtoto akifuata huu ubao wako anatembea mpaka kwa moto. Hiyo ndiyo kitu kidogo?"

"Siz, usinipigie kelele mbele ya watoto."

"Mimi si siz wako. Na wewe hujawahi kutembea kutoka hapa hadi chooni."

Nilipomwambia hivyo nilisikia aibu, kwa sababu mimi pia sikuwa nimetembea. Nakaa hatua chache kutoka pale. Nilikuwa na wiki nzima ya kupita nikaangalia jiko liko wapi, na wiki hiyo niliitumia kukaza skrubu na kumtukana mzee. Mashine ilikuwa imechonga kwa usahihi kabisa shule ambayo haipo.

Niliuchukua ubao mezani. Jamaa alisema mradi umekwisha kuupokea, na kwamba ana picha. Mwalimu alimwambia kwa utulivu kwamba ubao hauingii darasani kwake, na kwamba picha za watoto wale azifute mbele yao, kwa kuwa hakuwaomba ruhusa. Alifuta chache, akasema ndizo zote, na kuondoka. Sikumwamini. Baadaye niliambiwa moja ilionekana mahali fulani, watoto wakiwa wameshika ramani yenye jiko la zamani, na yeye amesimama katikati.

Siku hiyo baada ya uji nilichukua tepu ya kupimia, nikaizunguka shule na mwalimu kona kwa kona. Yeye alinitajia vitu ambavyo mchoro wowote ungevisahau: bomba linalotokeza kwenye ukuta kwa urefu wa uso wa mtoto, ngazi moja iliyovunjika, mahali ambapo sauti hubadilika na watoto hujua wamefika langoni. Niliandika yote. Mara mbili aliniambia nimeandika vibaya, kwa kusikiliza tu tepu ilivyovutwa, na mara moja alikuwa sahihi.

Ramani mpya ilinichukua siku mbili na mota haikunguruma hata mara moja. Ule ubao wa jiko la zamani niliulaza juu ya benchi la mzee, nikamwomba msumeno, nikaukata vipande vinne, kisha vinane, asije mtu akauokota na kuutundika ukutani kwa watoto.